Delmar Hakuenea

Shemeji yangu Delmar Skaugen alikufa akiwa amebeba bakuli la viazi. Ilikuwa kwenye chakula cha jioni cha kanisa, hapa kwetu Nordahl, Dakota ya Kaskazini, theluji ya mwisho bado imelala mitaroni. Alikuwa anatoka jikoni na bakuli la moto mikononi, nyama ya kusaga chini na viazi vya kuoka juu, akasimama, akasema, "Aisee," akaegemea ukuta, akateleza taratibu mpaka sakafuni, bakuli mapajani, akafa. Hakuna kiazi kilichomwagika. Kwenye ibada ya kumuaga, watu watatu waliposimama kumsifu, wote watatu walisifia hilo.

Mjane wake, Verna, ni dada yangu. Mimi naitwa Orrin, nafanya kazi kwenye ghala la ngano la ushirika, na nyumba yangu inatazamana na yao. Kwa hiyo mambo ya Delmar nayajua kwa macho, sikuhadithiwa.

Delmar hakuwahi kununua risasi ya dukani tangu alipooa. Alitengeneza zake mwenyewe. Akishapiga, anaokota maganda ya shaba, anayasugua, anayarudisha umbo, anatia fataki mpya kitakoni, anapima baruti kwenye mizani inayotikisika hata ukipumua karibu, halafu anakandamiza kichwa cha risasi juu yake. Kazi hiyo aliifanyia kwenye banda la gari. Gari lenyewe lililala nje majira yote ya baridi, na Verna akawa analikwangua barafu.

Maganda yake yalikuwa ya kampuni moja tu, Kolstad. Hapo ndipo palipokuwa na ugomvi.

Rafiki yake mkubwa, Gaylord Bakke, mfuga nyuki, naye alikuwa mtengeneza risasi, na yeye hakushika ganda lolote isipokuwa la Hesper. Ukiyaweka maganda hayo mawili kando kwa kando huwezi kuyatofautisha mpaka uyapindue usome jina kitakoni. Urefu mmoja, mdomo mmoja, bunduki moja inayameza yote. Lakini kwa ndani ni nyumba mbili. Kolstad lina kuta nene na kitako kizito, chumba chake kidogo. Hesper lina kuta nyembamba, chumba kikubwa. Kipimo kilekile cha baruti kinachokaa raha mustarehe ndani ya Hesper, ukikitia ndani ya Kolstad kinabanwa, na baruti iliyobanwa ina hasira.

"Kolstad ni ganda la mtu mzima," Delmar alikuwa akisema. "Unalipiga mara kumi na halijachoka."

"Na ndani yake huwezi kutia hata chafya," Gaylord anamjibu.

Mwaka mmoja Gaylord alisahau mfuko wake wa maganda nyumbani. Akaazima maganda ya Delmar, akayajaza kipimo chake mwenyewe alichozoea kwenye Hesper. Bunduki ikampiga teke la punda, na komeo la bunduki likakwama. Tuliligonga kwa gogo la kuni mpaka likafunguka.

"Umeona nguvu ya Kolstad?" Delmar akamwambia.

"Nimeona uchoyo wake," Gaylord akasema, anajisugua bega.

Wakanuniana msimu mzima. Walikuwa wanakaa meza moja mgahawani kila asubuhi kama kawaida, ila wanazungumza kupitia kwangu. "Orrin, mwambie Gaylord anisogezee sukari." Sukari yenyewe ilikuwa mbele yangu mimi.

Wosia wake Delmar aliutoa kwa mdomo, mezani, Krismasi moja, sisi wote tukisikia. Akifa, achomwe. Majivu yajazwe ndani ya maganda, yasiyo na vichwa, baruti kidogo tu ya kumrusha. Siku ya kwanza ya msimu wa kulungu, adhuhuri, msimu unapofunguliwa, chama chetu cha wawindaji kipande kilima cha Sather kimfyatue angani.

"Wote," akasema. "Sitaki kugawanywa. Nusu chini nusu juu, siku ya kiama nitaanza kujitafuta kama soksi."

"Mume wangu, kula," Verna akamwambia.

"Na yawe Kolstad. Nimeshapima. Ndoo nne zile za bandani zinanitosha. Mkinitia kwenye Hesper nitarudi."

Gaylord alikuwa amekaa palepale, anapaka siagi kwenye mkate. Akasema, "Ukirudi, rudi na bisibisi yangu."

Basi Oktoba ilipofika na ngano imeshaingia ghalani, tukakutana bandani watatu: Verna, Gaylord na mimi. Gaylord ilibidi awepo kwa sababu ndiye pekee aliyebaki anayejua kazi. Alikuja na nta ya nyuki wake ya kuzibia midomo ya maganda. Delmar alikuwa juu ya meza, ndani ya boksi la plastiki jeusi. Alikuwa mtu mrefu, mifupa mikubwa, na boksi lilikuwa zito. Verna alilibeba kutoka ndani mwenyewe, akalitua, akasema, "Kila mahali alipokaa palikuwa hapatoshi."

Gaylord akavaa miwani yake ya kusomea. Kwanza akachukua ganda moja la Kolstad, akalijaza maji kwa bomba la sindano mpaka mdomoni, akapima uzito. Halafu akatoa mfukoni ganda la Hesper, akalijaza, akapima.

"We, hilo la nini?" nikamuuliza.

"La kulinganisha tu."

"Gaylord, mtu amekufa."

"Ndiyo, na mizani haijafa." Akatusomea vipimo. Tofauti ya ganda moja na moja ilikuwa matone machache, ukiyamwaga mezani huyaoni. "Lakini zidisha kwa ndoo nne," akasema. "Mkikusanya nafasi yote anayoipoteza kwa kuingia Kolstad, mnapata kama mkono mzima, kuanzia kiwiko."

Verna akauliza, "Mkono upi?"

Gaylord akamtazama. "Shemeji, sijui. Wowote."

"Kwa sababu wa kulia aliufanyia kazi. Wa kushoto ulikuwa wa kushikia rimoti."

Tukaanza. Mimi natia fataki, Gaylord anapima baruti na kushindilia kipande cha karatasi ngumu juu yake, Verna anamtia Delmar kwa kijiko kidogo cha dawa ya kikohozi, kisha Gaylord anaziba kwa nta. Ilikuwa kazi ya siku nyingi. Verna alileta kahawa na soseji za kulungu aliyemuua Delmar mwenyewe mwaka uliopita, tukala tumesimama, mbali na meza, kwa heshima. Hatukuongea sana. Mara mojamoja Verna alikuwa anasema kitu kwa boksi, kama "Haya, sogea," na nikaona ni sawa tu.

Ndoo ya tatu ilipokwisha, Gaylord alichungulia ndani ya boksi. Ndoo ya nne ilipofika nusu, akachungulia tena, akavua miwani.

"Haenei," akasema.

"Hafanyi nini?" Verna akauliza.

"Hatakwisha. Maganda yatakwisha kabla yake. Atabaki wa kujaza kopo la kahawa, kopo kubwa."

"Lakini alipima! Alisema amepima!"

Gaylord akashika kichwa, akafikiri, midomo ikimchezacheza kwa hesabu. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, anacheka mpaka akakaa juu ya ndoo.

"Alipima ganda tupu," akasema alipopata pumzi. "Alipima maji mpaka mdomoni. Amesahau baruti! Mtu amepima baruti maisha yake yote, siku ya kujipima mwenyewe akasahau baruti!"

Verna alijaribu kukasirika, akashindwa. Tukacheka sote watatu, tumeegemea meza, na Delmar katikati.

Lakini kicheko hakikupunguza majivu. Na kiwanda cha Kolstad kilishafungwa zamani, mwenye kiwanda alizeeka na watoto wake hawakutaka shaba, kwa hiyo huwezi kwenda dukani ukasema nipe mengine. Tulichokuwa nacho pale Nordahl ndicho kilichobaki.

Jumapili iliyofuata Verna alisimama kanisani wakati wa matangazo, baada ya yule anayekumbusha zamu za kufagia, akasema: "Mume wangu amebaki. Mwenye ganda la Kolstad naomba alilete."

Watu wa hapa hawakuulizi maswali mbele ya kadamnasi. Kufika Jumanne, magari yalikuwa yamepanga foleni nje ya nyumba kama kuna harusi. Walileta maganda kwenye mifuko ya sandwichi, kwenye soksi, kwenye kikombe cha mtoto. Mzee mmoja alileta la kwake likiwa limetobolewa kuwa kishikio cha funguo, akaudhika tulipomwambia lina tundu. "Zibeni tundu kwa nta!" akasema. "Delmar atavuja kidogo tu." Bi mmoja wa kwaya alileta moja, akasimama palepale mpaka lijazwe, halafu akauliza kwa sauti ya chini ni sehemu gani ya Delmar imeingia ndani ya lake.

"Haijulikani, bibi," Gaylord akamwambia.

"Mimi ningependa iwe sauti. Alikuwa na besi nzuri."

"Sauti haichomeki."

"Kumbe," yule mama akasema, na akaonekana amefarijika kabisa.

Mchungaji wetu, mama mmoja mrefu kutoka Minnesota aitwaye Lindquist, alikuja naye kuona. Nilitegemea atatukataza. Akasimama anatazama mistari ya maganda yenye nta mdomoni, akauliza kama tunataka dua ya kila ganda au ya jumla. Verna akachagua ya jumla.

Baada ya mji mzima kukamuliwa, lile kopo kubwa la kahawa likawa limepungua hadi kikombe kimoja cha chai. Kikombe kimoja, na hakuna Kolstad lingine lililobaki kwenye wilaya nzima.

"Tupunguze baruti," nikasema. "Tufungue baadhi, tupunguze baruti, tuongeze Delmar."

Gaylord hakupenda, lakini akatengeneza moja ya majaribio. Tukaenda nyuma ya nyumba, karibu na kamba ya kuanikia nguo. Akaelekeza bunduki juu, akafyatua. Haikulia. Ilifanya kama mtu anayetema mbegu ya tikiti, na Delmar akatoka polepole kwenye mtutu akamwangukia Gaylord kwenye viatu.

Gaylord akainua mguu.

"Usisogee," Verna akasema. Akaingia ndani, akarudi na brashi ya nguo na karatasi, akapiga magoti kwenye majani yaliyoganda, akamfagia mume wake kutoka kwenye viatu vya Gaylord, kiatu cha kushoto, kisha cha kulia, na kwenye matundu ya kamba. Gaylord alikuwa amenyoosha shingo anatazama mbinguni kama mtu anayepimwa suti.

Verna alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika. Namjua dada yangu. Alikuwa na sura hiyohiyo alipokuwa msichana, siku alipomwambia baba hatakamua tena ng'ombe.

"Basi," akasema. "Gaylord, nenda kachukue Hesper."

Gaylord akabaki ameshika bunduki.

"Hukusikia? Una ndoo ngapi za Hesper? Nataka za kutosha kikombe kimoja."

"Shemeji, alisema asiingie Hesper."

"Alisema mengi. Alisema ndoo nne zinatosha. Miaka yote niliyoishi naye, hayo makolstad yalikuwa chini ya kitanda changu, yalikuwa kwenye beseni langu la kuogea, mara moja nimeyakuta ndani ya bata mzinga wa sikukuu ya Shukrani, na bata alikuwa ameshaokwa! Nimevumilia. Nimempenda, nimevumilia. Lakini sitafika msimu wa kulungu na kikombe cha mtu kwenye kabati la sahani. Ataingia Hesper, na mimi ndiye nitakayemwingiza."

Nilidhani Gaylord atafurahi. Kwa miaka thelathini na zaidi alichokitaka duniani ni kumwona Delmar Skaugen ndani ya Hesper. Badala yake aliweka bunduki chini, akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akavua kofia.

"Siwezi," akasema.

"Kwa nini huwezi?"

"Kwa sababu nilitaka akubali." "Nilitaka siku moja, pale mgahawani, aweke kikombe chini aseme, 'Gaylord, uko sahihi.' Basi. Hata kwa kunong'ona. Sasa nimtie mwenyewe kwa nguvu, amekufa, hana hata mdomo wa kunitukana? Huo si ushindi, shemeji. Huo ni wizi."

Verna akakaa naye kwenye ngazi. Ilikuwa baridi, pumzi zao zinaonekana. Mimi nikajifanya naangalia kamba ya nguo.

"Angesema hivyo kweli?" Verna akauliza. "Kwamba uko sahihi?"

Gaylord akafikiri. Ni mtu mkweli. "Asingesema kamwe."

"Hata ungempa miaka mingine thelathini?"

"Hata mia."

"Basi hukupoteza kitu kwa kufa kwake." Akampiga gotini, akainuka. "Nenda kalete. Na ukirudi njoo na sura ya huzuni kidogo, kwa ajili yake, nisikuone unatabasamu."

Akaenda. Akarudi na mfuko wa Hesper, na sura yake ilikuwa ya huzuni bila kuigiza. Alipima baruti kwa makini kuliko siku zote. Kila Verna alipomtia kijiko, kijiko kiliingia chote na nafasi ikabaki. Nafasi hiyo Gaylord aliijaza nta bila kusema lolote, ingawa nilimwona anaiangalia. Maganda yale tukayafungia kwenye boksi la peke yake, tukaandika juu H. Kikombe kikawa tupu. Verna alikiosha mara mbili akakirudisha kabatini.

Siku ya kwanza ya msimu ilianza kwa jua na upepo. Hapa kwetu mwanamume anasubiri siku hiyo mwaka mzima. Anaomba ruhusa kazini tangu Julai. Chama kizima kilipanda kilima cha Sather na bunduki zao na nguo za rangi ya chungwa, na wake na watoto, na meza ya kukunja yenye saladi ya viazi, mikate ya viazi ya kukunja na sukari, na kahawa ya kanisani. Wote walijua, na hakuna aliyesema, kwamba tukishafyatua maganda zaidi ya elfu moja juu ya kilima kile, hakutakuwa na kulungu hata mmoja mpaka mpakani mwa Kanada.

Mmoja tu alinisogelea, kijana wa posta. "Bwana Orrin, hatuwezi kuwinda kwanza tukamfyatua jioni?"

"Nenda kamwulize Verna," nikamwambia. Akarudi kwenye mstari.

Adhuhuri mchungaji aliomba dua fupi, akashusha mkono, na tukaanza.

Sitausahau mlio ule. Bunduki thelathini na kitu, zote juu, zinafyatua, zinafunguliwa, zinajazwa, zinafyatua tena. Kila mlio unatoa wingu dogo la kijivu. Mara ya kwanza watu walilia. Kufika saa nzima walikuwa wamechoka na mikono inawauma, wanaume wanabadilishana zamu, mama wa kwaya anafyatua akiwa amekaa kwenye kiti cha kukunja. Askari wa wanyama wa porini alikuja na gari lake mbiombio, akidhani kuna kundi la wendawazimu limevamia msimu. Verna alimweleza. Askari akavua kofia, akauliza, "Kuna bunduki ya ziada?"

Halafu upepo ukageuka.

Ulikuwa unatoka magharibi, unampeleka Delmar vizuri kwenye shamba la alizeti lililovunwa. Bila taarifa ukasimama, ukarudi. Wingu lote, la saa nzima ya kazi, likaning'inia juu yetu kidogo kama linafikiri, kisha likashuka. Lilishuka kwenye kofia, kwenye mabega, kwenye ndevu. Lilishuka kwenye saladi ya viazi.

Milio ikakoma. Hakuna aliyejipangusa. Ungejipangusaje? Kila mtu alisimama amefumba mdomo, akipumua kwa pua kwa uangalifu sana.

"Verna," mchungaji akasema bila kufungua meno, "tuendelee?"

Dada yangu alikuwa mweupe kichwani kote kama mwokaji wa mikate. Akatazama meza. Akatazama watu. "Kuleni ule upande uliofunikwa," akasema. "Halafu mmalizie."

Wakamalizia. Mwishoni likabaki boksi la H. Verna alilichukua, akampelekea Gaylord aliyekuwa amesimama pembeni. Siku ile Gaylord alikuwa hajafyatua hata moja.

"Hizi ni zako," akamwambia.

"Nitafyatua moja tu," akasema. "Nyingine ufyatue wewe. Ni mume wako."

Akatia moja, akainua bunduki. Niliona mdomo wake unasema kitu, lakini upepo ulikuwa mwingi, na nilipomwuliza baadaye aliniambia nishughulike na ngano. Akafyatua. Ikalia kama zile nyingine zote. Wingu lake lilikuwa wingu kama mawingu mengine. Verna akafyatua zilizobaki moja moja, bila haraka, akiwa amelenga juu sana, na kila moja ikimrudisha hatua nyuma. Alipomaliza mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Akaniomba nimfunge vifungo vya koti.

Kulungu hakuuawa wilayani kwa wiki nzima. Walinzi wa mpaka walisema wameona makundi yanavuka bila kutazama nyuma.

Kwa siku kadhaa baada ya hapo, swali pekee mjini lilikuwa nguo. Hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kuzifua. Makoti ya rangi ya chungwa yalining'inia kwenye vibaraza mji mzima, wake hawataki kuyaingiza ndani na waume hawataki kuyatia kwenye mashine. Watu walimpigia simu mchungaji mpaka akachoka, na Jumapili akatoa uamuzi mimbarini: kufua kunaruhusiwa, maji ya baridi, na mtu aseme neno jema wakati mashine inajaa. Nilisema la kwangu. Nilisema alikuwa shemeji mzuri, na kwamba ngazi yake bado iko kwangu.

Gaylord peke yake hakufua. Jumatatu aliingia mgahawani na ile kofia yake ya kilimani, ya kijivu mpaka ukingoni, akakaa mahali pake. Kiti cha Delmar kilikuwa wazi, watu wanakizunguka wakipita. Gaylord akakoroga kahawa. Hakuwa na wa kubishana naye. Mimi nilijaribu kumsaidia. Nikamwambia nimesikia Kolstad ni ganda imara. Akanitazama kwa huruma. "Orrin," akasema, "wewe hujui hata unachokisema."

Mlango ukafunguka, akaingia Verna. Hakuwa na kawaida ya kuja pale asubuhi. Akatembea moja kwa moja, akavuta kiti cha Delmar, akakaa.

"Gaylord," akasema, "umevaa mume wangu kichwani."

Gaylord akainua mkono kwenye ukingo wa kofia. "Niivue?"

Verna akafikiria. "Hapana. Lakini ndani ya nyumba mtu havai kofia, na yeye alijua hilo. Mweke juu ya meza."

Akaivua, akaiweka kati ya chupa ya siki na sukari. Verna akaagiza chapati za maji na mayai. Kisha akasema kwamba asubuhi ile ameanza kulisafisha banda, na amejaribu ile mashine ya kurudisha maganda umbo, na kwamba kwa maoni yake Gaylord anatumia mafuta mengi mno wakati wa kuyapaka. Ndiyo maana maganda yake yanatoka na mabonde shingoni.

"Mafuta mengi?" Gaylord akasema. Akaweka kijiko chini. "Nani amekwambia natumia mafuta mengi?"

"Nimeona. Nina macho."

"Shemeji, umeshika ile mashine asubuhi moja!"

"Na nimeshaona kosa lako."

Gaylord akasogeza kiti mbele, akakunja mikono ya shati. Nikachukua kahawa yangu nikahamia meza nyingine, kwa sababu nilijua baada ya muda mmoja wao angeniambia nimwambie mwenzake kitu.